Charles Dow, mwandishi wa habari aliyeliwekea soko la hisa kumbukumbu

Kila jioni taarifa za habari zinapofika kwenye biashara, hutajwa Dow Jones. Tunaambiwa imepanda au imeshuka kwa pointi kadhaa, kisha mtangazaji anahamia kwenye bei ya mafuta. Wengi wetu tumelisikia jina hilo tangu utotoni, na si wachache wanaodhani ni jina la mtu mmoja, au la benki fulani ya Marekani. Ukweli ni kwamba hayo ni majina ya watu wawili, Charles Dow na Edward Jones, na wote wawili walikuwa waandishi wa habari. Leo tunamzungumzia huyo wa kwanza, aliyefariki dunia mwaka 1902 lakini hesabu yake ingali inafanywa kila siku ya soko.

Tunayo sababu ya kumkumbuka wakati huu. Vijana wetu wengi walioko ughaibuni, kuanzia Muscat na Dubai hadi London na Minneapolis, wamefungua akaunti za kununua hisa kwa kompyuta na simu. Wanauziwa programu za kuchora grafu na kupima mbinu za kununua na kuuza. Programu ya namna hiyo hulishwa faili la bei za miaka iliyopita, kisha huulizwa: kama ningenunua siku ile na kuuza siku ile, leo ningekuwa na kiasi gani? Mwuzaji wa mbinu hujitapa kwamba ameijaribu kwa bei za miaka mia moja na haikushindwa. Mnunuzi anaweka akiba ambayo ilikuwa ya kumalizia nyumba ya mama au ada ya mdogo wake. Ni mara chache mtu huuliza swali la kwanza kabisa: bei hizo za miaka mia moja alizikusanya nani, na alizikusanya vipi?

Maisha ya Charles Dow yanajibu swali hilo.

Mtoto wa mkulima

Charles Henry Dow alizaliwa tarehe 6 Novemba 1851 kijijini Sterling, katika jimbo la Connecticut, kaskazini mashariki mwa Marekani. Baba yake alikuwa mkulima, na alifariki Charles akiwa na umri wa miaka sita tu. Kijana alikua akifanya vibarua vya kila aina, wala hakubahatika kusoma chuo. Alipofikisha miaka ishirini hivi aliamua kwamba jembe si lake, akaenda mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, akapata kazi katika gazeti la Springfield Daily Republican. Gazeti hilo lilikuwa la mji mdogo lakini liliheshimika nchi nzima, kwani mhariri wake, Samuel Bowles, hakuvumilia maneno mengi. Alitaka habari fupi, yenye ukweli uliokwisha kuthibitishwa.

Kutoka hapo Dow alihamia Providence, mji wa bandari katika jimbo la Rhode Island, na mwaka 1877 akaingia gazeti la Providence Journal. Huko ndiko alikoanza kuonyesha kipaji chake, ambacho hakikuwa cha lugha tamu bali cha kuchimbua makaratasi ya zamani. Mwaka huohuo alitoa historia ya usafiri wa meli za mvuke kati ya New York na Providence. Alifuatilia meli moja baada ya nyingine, kampuni moja baada ya nyingine, nani alianza, nani alishusha nauli, nani alifilisika. Msomaji wa kawaida angeona ni orodha ya majina na miaka. Dow aliona kwamba anayetaka kuelewa biashara ya leo sharti ajue ya jana kwa mpangilio wa tarehe.

Mwaka 1879 mhariri wake alimtuma Leadville, milimani katika jimbo la Colorado, ambako fedha ilikuwa imegunduliwa na watu walikuwa wakimiminika kama nzige. Alisafiri kwa treni pamoja na matajiri wa New York waliokwenda kukagua machimbo. Safari ilichukua siku nne, na katika behewa hilo kijana huyu mrefu, mkimya, mwenye ndevu nyingi, alipata elimu ambayo hakuipata darasani. Aliwasikiliza wenye mitaji wakizungumza wao kwa wao na akajifunza ni taarifa gani wanazitafuta kabla ya kutoa fedha zao. Barua alizozituma gazetini zilieleza machimbo, mishahara, gharama za kusafisha madini, na pia watu waliopoteza kila kitu kwa kufuata uvumi. Hakurudi kukaa sana Providence. Kabla ya mwaka 1880 kumalizika alikuwa New York.

Chumba cha chini Wall Street

Ili msomaji aelewe alichokifanya Dow, inabidi ajue Wall Street ya wakati ule ilikuwaje. Makampuni hayakulazimishwa na sheria kutangaza hesabu zao kama ilivyo sasa. Mwenye hisa angeweza kukaa miaka bila kujua kampuni yake inapata faida au inakula mtaji. Waliojua ni wakurugenzi na marafiki zao, na waliwauzia wasiojua. Habari iliuzwa kama samaki, na iliyooza iliuzwa pia. Wapo waandishi waliolipwa kwa siri ili waisifu hisa fulani, na matajiri wakubwa walijua jinsi ya kupandisha bei asubuhi na kuiangusha jioni.

Dow aliajiriwa katika shirika dogo la habari za fedha lililoendeshwa na John Kiernan. Kazi yake ilikuwa kukusanya habari na kuzipeleka kwa mabenki na madalali zikiwa zimeandikwa kwa mkono. Akamleta hapo rafiki yake waliyefahamiana Providence, Edward Jones, mtu mcheshi aliyekuwa hodari wa kusoma mizania ya kampuni na kuona palipofichwa tundu. Wakakutana pia na Charles Bergstresser, aliyekuwa amejiwekea akiba na aliyebuni kalamu ya chuma yenye uwezo wa kuandika nakala nyingi kwa mkupuo mmoja kupitia karatasi nyembamba.

Novemba 1882 watu hao watatu walijitenga na kuanzisha kampuni yao, Dow, Jones & Company. Jina la Bergstresser liliachwa nje, ingawa fedha yake ndiyo iliyosaidia sana kuanza. Ofisi yao ilikuwa chumba cha chini ya ardhi, Wall Street namba 15, nyuma ya duka la soda. Mchana kutwa waliandika vikaratasi na kuwapa vijana waliovikimbiza mtaani kutoka ofisi hadi ofisi. Mwaka 1883 wakaanza kukusanya habari za siku nzima katika barua ya kurasa mbili iliyotoka alasiri, iitwayo Customers' Afternoon Letter. Bado halikuwa gazeti. Lakini ndani ya barua hiyo ndimo Dow alimoweka kitu kilichobadilisha namna dunia inavyolitazama soko.

Makampuni kumi na moja

Tangu mwaka 1867 kulikuwa na mashine zilizounganishwa kwa telegrafu zikichapa bei za hisa kwenye utepe mwembamba wa karatasi. Dalali aliweza kukaa ofisini na kuona kila biashara iliyofanyika sokoni. Tatizo ni kwamba utepe ulitoa bei nyingi mno. Hisa hii imepanda robo dola, ile imeshuka nusu, ya tatu haikutikisika. Jioni ilipofika, mtu mwenye utepe wa mita nyingi miguuni pake hakuweza kujibu swali dogo: leo soko limepanda au limeshuka?

Tarehe 3 Julai 1884 Dow alichapisha jibu. Alichagua makampuni 11, akazijumlisha bei zao za kufungia soko, akagawa kwa 11. Tisa yalikuwa ya reli, kwa kuwa reli ndizo zilizokuwa biashara kubwa za Marekani. Mawili yaliyobaki yalikuwa kampuni ya telegrafu ya Western Union na kampuni ya meli ya Pacific Mail. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne angeiweza. Ilihitaji karatasi, penseli na subira ya kuirudia kila siku.

Wataalamu wa leo wanaikosoa, na wana haki. Hisa yenye bei ya dola 200 inauvuta wastani mara kumi kuliko hisa ya dola 20, hata kama kampuni ya pili ndiyo kubwa zaidi. Lakini Dow alifanya jambo moja ambalo hakuna anayeweza kulikosoa. Alitaja hadharani makampuni aliyoyatumia na namna alivyohesabu. Yeyote aliyekuwa na bei za siku ile aliweza kukaa na kuirudia hesabu mwenyewe, na kama Dow amekosea, angeonekana. Sisi tuliokulia katika nchi ambamo takwimu zilishushwa kutoka juu bila maelezo, na aliyeuliza zimetoka wapi alitazamwa kama adui, tunajua uzito wa jambo hilo.

Tarehe 8 Julai 1889 barua ile ya alasiri iligeuka kuwa gazeti. Bergstresser ndiye aliyelipa jina la The Wall Street Journal. Lilikuwa na kurasa nne na liliuzwa senti mbili. Dow akawa mhariri wake.

Hatutaki kumfanya malaika. Kati ya mwaka 1885 na 1891 Dow alikuwa pia mwanachama wa soko la hisa la New York. Aliingia ubia na Robert Goodbody, mzaliwa wa Ireland, ambaye hakuweza kupata kiti sokoni kabla ya kuwa raia wa Marekani, na kwa muda huo Dow ndiye aliyetekeleza maagizo ya kununua na kuuza pale ukumbini. Mhariri wa habari za fedha ambaye wakati huohuo ni dalali asingekubalika katika vyombo vya habari vinavyojiheshimu hivi leo. Wanaomtetea husema kuwa miaka ile ndiyo iliyomfundisha soko kwa ndani. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Kumi na mawili, na kijiti mchangani

Kadiri miaka ilivyokwenda viwanda vilikua na Dow akaona kuwa reli pekee hazitoshi kueleza uchumi. Tarehe 26 Mei 1896 alitoa wastani mpya wa makampuni 12 ya viwanda. Yalikuwemo ya sukari, tumbaku, mafuta ya pamba, gesi, risasi, ngozi, mpira, makaa ya mawe na chuma, pombe kali, na moja la umeme, General Electric. Siku hiyo wastani ulikuwa 40.94. Maana yake ni kwamba bei za hisa hizo 12 zikijumlishwa zilifika kama dola 491. Mwaka huohuo reli zilibaki na wastani wao wenyewe. Huo wa viwanda ndio unaotajwa redioni hadi leo.

Kuanzia mwaka 1899 hadi 1902 Dow aliandika safu ya uhariri ambamo alijaribu kueleza mwendo wa bei. Alisema kuna miendo mitatu inayokwenda pamoja: mkubwa wa miaka, wa kati wa wiki na miezi, na mdogo wa siku hadi siku. Mfano alioutumia mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa. Alimchukua mtu aliyesimama ufukoni anayetaka kujua kama maji yanajaa au yanakupwa. Wimbi moja halimwambii kitu. Basi anachomeka kijiti mchangani pale wimbi lilipofika, na wimbi linalopita zaidi likija anakisogeza, mpaka ifike zamu ambayo mawimbi hayakifikii tena kijiti. Hapo anajua maji yamegeuka. Wastani wake wa kila siku ndio uliokuwa kijiti hicho.

Ikumbukwe kuwa Dow hakuandika kitabu juu ya mambo haya, wala hakuahidi kumtajirisha mtu. Jina la nadharia ya Dow lilitolewa na mwandishi mwingine, Samuel Nelson, aliyezikusanya tahariri zake katika kitabu chake kuhusu biashara ya hisa. Mwaka 1902 Dow na Bergstresser waliiuza kampuni kwa Clarence Barron wa Boston. Jones alikuwa ameondoka miaka michache kabla. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Dow alifariki nyumbani kwake Brooklyn akiwa na umri wa miaka 51. Alimwacha mjane wake, Lucy, aliyemwoa mwaka 1881.

Anguko ambalo halikutokea

Hapa ndipo hadithi ya marehemu inapokutana na kompyuta ya kijana wetu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, soko la New York lilifungwa. Siku ya mwisho ya biashara ilikuwa 30 Julai 1914, na hisa hazikuuzwa tena ukumbini hadi 12 Desemba mwaka huohuo. Watu waliogopa kwamba milango ikifunguliwa bei zitaporomoka. Hazikuporomoka. Wastani wa makampuni 12, kwa hesabu ileile ya Julai, ulikuwa juu zaidi siku ya kufunguliwa kuliko siku ya kufungwa.

Lakini mwaka 1916 warithi wa Dow waliibadilisha orodha. Makampuni 12 yakawa 20, mengine yakatolewa na mengine yakaingizwa. Ili wastani mpya uwe na historia, waliuhesabu kurudi nyuma, ila waliishia tarehe 12 Desemba 1914, siku soko lilipofunguliwa. Orodha mpya ilikuwa na hisa za bei ya chini zaidi, hivyo namba yake ilikuwa ndogo. Faili la bei za zamani linapounganishwa, orodha ya zamani huishia Julai 1914 kwenye pointi 71 na kitu, na orodha mpya huanzia Desemba kwenye pointi 54 na kitu. Macho ya kompyuta huona soko limepoteza karibu robo ya thamani yake kwa siku moja. Hilo lingekuwa anguko kubwa kuliko la tarehe 19 Oktoba 1987, ambalo lilikuwa la asilimia 22.6 na lilitingisha dunia nzima. Anguko hilo la 1914 limo katika mafaili mengi, na limewahi kuorodheshwa miongoni mwa siku mbaya za soko, ilhali siku yenyewe wenye hisa walirudi nyumbani wakicheka.

Fikiria sasa mbinu ya biashara inayosema: soko likianguka sana, nunua. Au inayosema kinyume chake. Ikipimwa kwa faili hilo, itapata faida au hasara ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuipata. Programu haikukosea hesabu. Imepewa mizani mbili ikadhani ni moja.

Mtego wa pili umo ndani ya ile orodha ya 12. Kampuni ya tumbaku ilivunjwa kwa amri ya Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1911. Ya makaa ya mawe na chuma ya Tennessee ilinunuliwa na mshindani wake, U.S. Steel, mwaka 1907. General Electric ndiyo iliyodumu sana, ikitoka na kurudi katika miaka ya mwanzo, hadi ilipoondolewa mwezi Juni 2018. Anayeshusha kutoka intaneti bei za makampuni yaliyopo leo tu na kuzipima miaka 50 nyuma amewapima waliopona pekee. Ni kama kwenda kwenye harusi na kuhesabu waliofunga ndoa, kisha kutangaza kuwa hakuna posa inayokataliwa.

Mtu aliyezipima tahariri

Dow alipofariki, gazeti lake liliendelea na nadharia ile kupitia kwa William Peter Hamilton, aliyekuwa mhariri hadi alipokufa mwaka 1929. Tahariri zake zilisomwa kama utabiri. Akatokea tajiri mmoja aitwaye Alfred Cowles aliyetaka kujua kama utabiri huo unalipa. Alizichukua tahariri 255 za Hamilton, akaziweka mbele ya bei za siku zake, na mwaka 1933 akatoa matokeo. Aliyemfuata Hamilton angepata asilimia 12 kwa mwaka. Aliyenunua hisa na kukaa kimya angepata asilimia 15.5. Katika nyakati 90 ambapo Hamilton alishauri kubadili msimamo, alipatia 45 na akakosea 45, sawa na mtu anayerusha sarafu.

Baadaye, mwaka 1998, watafiti watatu waliingiza tahariri hizohizo katika hesabu za kompyuta na kusema Cowles alimwonea Hamilton, kwa sababu hakutilia maanani kwamba mfuasi wa Hamilton alikabiliwa na hatari ndogo zaidi. Ubishi huo haujaisha na hatukusudii kuumaliza hapa. Tunachotaka msomaji aone ni kwamba pande zote mbili ziliweza kubishana kwa sababu bei zilikuwepo, zimeandikwa siku kwa siku, na njia ya kuzihesabu ilijulikana. Bila zile penseli za chumba cha chini cha Wall Street, tungebaki na sifa za wasifiwao.

Kabla ya kulisha programu

Kwa hiyo ndugu msomaji, au ndugu yako aliyeshika kompyuta, tunashauri yafuatayo kabla ya kuingiza faili lolote.

Tazama tarehe kwanza. Wamarekani hutanguliza mwezi, sisi na Waingereza hutanguliza siku. Siku ile Dow alipoanza, 3 Julai, Mmarekani huiandika 7/3, na programu iliyopangwa kwa mtindo wetu itaisoma 7 Machi. Tarehe za juu ya 12 zitakataliwa na utagundua, lakini zile za chini yake zitapita kimyakimya na kukaa mahali pasipo pake.

Pili, angalia siku zinazokosekana. Soko la New York lilifanya biashara Jumamosi hadi mwaka 1952, na lilifungwa kuanzia 11 Septemba 2001 hadi lilipofunguliwa tena tarehe 17. Pengo la kweli liachwe pengo. Usilijaze kwa bei ya kubuni.

Tatu, uliza kama bei zimerekebishwa kwa ajili ya kugawanywa kwa hisa. Nairobi, hisa moja ya Equity Bank iligawanywa kuwa kumi mwaka 2009. Katika faili lisilorekebishwa, mwenye hisa anaonekana amepoteza asilimia 90 kwa usiku mmoja, wakati mfukoni mwake hakuna kilichopungua. Uliza pia kama magawio yamehesabiwa, kwa sababu katika kipindi kirefu magawio ni sehemu kubwa ya faida ya mwenye hisa.

Nne, usiiombe data kitu isichokuwa nacho. Wastani wa Dow wa miaka ya mwanzo una bei ya kufungia tu. Programu nyingi zinadai bei ya kufungulia, ya juu na ya chini, na wapo wanaojaza safu zote kwa namba ileile ili faili likubalike. Mbinu inayotegemea bei ya juu na ya chini ikipimwa hapo, majibu yake ni hewa.

Tano, chagua siku tatu au nne unazozijua na uzikague kwa mkono. Tarehe 26 Mei 1896 iwe 40.94. Tarehe 3 Septemba 1929, kilele cha kabla ya mporomoko mkubwa, iwe 381.17. Tarehe 8 Julai 1932 iwe 41.22. Ukiona namba hizo mahali pake, una sababu ya kuendelea. Usipoziona, simama.

Na hebu zitazame tena namba hizo. Mwaka 1932 wastani ulikuwa umerudi karibu pale Dow alipouanzisha miaka 36 nyuma, na kilele cha 1929 hakikufikiwa tena hadi Novemba 1954, miaka 25 baadaye. Anayeuza mbinu isiyoshindwa humwonyesha mteja mstari unaopanda tu. Mwenye faili kamili ataona pia miaka hiyo 25, ambamo baba wa nyumba angeweza kuzeeka akisubiri fedha yake irudi.

Dow hakuacha siri ya utajiri. Aliacha daftari lililo wazi, lenye majina ya makampuni na namna ya kujumlisha. Kijana anayeambiwa kwamba mbinu fulani imepimwa kwa miaka mia moja anayo haki ya kumwomba mwuzaji mambo hayohayo mawili: nionyeshe faili lako, na nionyeshe ulivyohesabu. Akikataa, akiba ya mama ibaki benki.